Taa Chini ya Tepu

Mpeni mtu haki yake: Penisimani alijua kuosha gari. Kila Jumamosi, mvua inyeshe jua liwake, utamkuta uani kwake, mtaani kwetu Mangere, na kaptula yake, ndoo, sponji, kitambaa laini cha kufutia, na kitambaa kingine cha kufutia kile kitambaa. Anaanza na paa, anashuka milangoni, anamaliza na rimu, ambazo anazisugua kwa mswaki. Mswaki, jamani! Mkewe Fusi alisema siku moja kwamba watoto wa nyumba ile hawajawahi kusuguliwa meno kwa mapenzi ya namna hiyo.

Gari lenyewe lilikuwa Mjerumani mweusi, mrefu, viti vya ngozi, milango inayofungika kwa sauti nzito ya kitajiri. Magari kama hayo yakiwa mapya hupandwa na madaktari na mawakili wa upande wa pili wa jiji. Yakishapita mikono mitatu minne na kuchoka, ndipo yanatushukia sisi. Na sisi tuna kosa tunalolirudia bila aibu: tunadhani gari likishuka bei, na ulaji wake umeshuka. Wapi! Bei ya kulinunua inashuka, tumbo linabaki lile lile la tajiri. Penisimani, dereva wa foklifti kwenye ghala la karibu na uwanja wa ndege, alilinunua kwa furaha na kulihudumia kwa sabuni. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Taa nyekundu ya breki ilipowaka kwenye dashibodi, alingoja izime yenyewe. Haikuzima. Akalipeleka gari kwa binamu yake Hopoate, ambaye ni fundi, na Hopoate akafungua boneti, akachungulia, akainua uso.

"Binamu, mafuta ya breki umebadilisha lini?"

"Kwani yanabadilishwa?"

Hopoate akacheka mpaka akaweka spana chini. Halafu akaacha kucheka. "Njoo uone. Yamekuwa meusi kama kahawa. Yameingia maji haya, yamezeeka. Na pedi zako za breki zimekonda kama biskuti ya kulainishia mtoto."

"Lakini linasimama vizuri tu."

"Linasimama hapa Mangere, tambarare. Hapa hata baiskeli ya bibi yako inasimama. Siku utakayoteremka nalo mlima, limejaa watu wazito kama sisi, utakanyaga breki, utakanyaga tena, magurudumu yatapata moto, na haya mafuta yatachemka. Yakichemka, binamu, utakuwa unakanyaga hewa. Niachie gari."

"Nitalileta wiki ijayo."

Wiki ijayo kukawa na msiba, iliyofuata kukawa na ubarikio wa mtoto, na kila mara Mjerumani alitakiwa kwa kubeba wakubwa, anang'aa. "Nitalileta" ikazaa "nitalileta" nyingine. Jumapili moja mzee wa kanisa akaingiza kichwa dirishani kusifia viti, akauliza, "Hiyo taa nyekundu ni ya nini?" Penisimani akasema ni ya redio. Jioni ile akakata kipande cha tepu nyeusi ya umeme, akakibandika juu ya taa, akakilainisha kwa ukucha. Alikibandika vizuri, hilo nalo mpeni. Rangi ya tepu na rangi ya dashibodi zilikuwa moja. Stika ya ukaguzi kwenye kioo ilikuwa haijaisha muda, na mtu mwenye stika hujiona mzima.

Ndipo ikaja harusi ya Tauranga, mji ulio ng'ambo ya milima.

Aliyekuwa akioa ni mtoto wa kaka mkubwa wa Penisimani. Na kwetu Watonga, watu wa visiwani tuliohamia hapa, shangazi ni shangazi. Kwenye harusi ya mtoto wa kaka yake hana mkubwa: mikeka iliyo mizuri ni yake, keki ya juu kabisa ni yake, na akinyooshea kidole kitu cha kaka yake, kitu hicho kimekwenda. Kaka hasemi hapana. Kaka hatanii mbele ya dada yake, hakai naye gari moja wakabanana wakachekeana, hamtajii jambo la aibu. Tumelelewa hivyo, na mimi sisemi ni vibaya. Nasema tu lililotokea.

Kalolaine, dada yake Penisimani, alikuja uani siku moja kabla ya safari. Mwanamke mpana, mpole, sauti ya chini ambayo watu huinamisha vichwa ili waisikie. Akaligusa gari kwa kiganja.

"Peni, harusini nitakwenda na hili. Vuna ataendesha."

Vuna ndiye mwanawe, kijana mnene mwenye kicheko. Tayari alikuwa anazunguka gari huku anapiga mluzi.

"Na Melenaite nampakia na mimi," akaongeza Kalolaine. "Nataka mtu wa kupiga naye soga njiani."

Melenaite ndiye binti wa Penisimani, kipenzi chake, mpambe wa bibi harusi. Penisimani akafungua kinywa. Alisikia neno liko pale pale, nyuma ya meno. Breki. Neno dogo tu.

"Sawa, dada," akasema.

Walipoondoka, Fusi alitoka jikoni na mikono yake ya unga. "Nimesikia vizuri? Umesema sawa?"

"Ulitaka niseme nini?"

"Mwambie breki mbovu! Barabara ya Tauranga inapita milima ya Kaimai, Peni. Unaujua ule mteremko."

"Nimwambie dada yangu, mbele ya mwanawe, kwamba kitu ninachompa ni kibovu?"

"Basi mpe kizima. Mpigie Hopoate."

"Hopoate yuko Tauranga tangu jana, anachimba shimo la kuokea nguruwe." Alikaa kwenye ngazi, akajishika kichwa. "Mwambie wewe."

"Mimi?" Fusi akacheka kicheko kikavu. "Kwa wifi yangu? Mimi hapa nimeolewa tu, kwa Kalolaine sina mdomo. Mdomo ni wako, na umeula."

Usiku hakulala vizuri. Alijiambia kwamba asubuhi atasema. Atamvuta Vuna pembeni, mwanamume kwa mwanamume, amwambie. Alipanga na maneno.

Asubuhi uani kulikuwa kumejaa. Mikeka inafungwa, nguruwe wa kuoka amelazwa kwenye boksi, wanakwaya wanaimba, majirani wamekuja kuaga. Penisimani alimshika Vuna mkono karibu na mlango wa gari.

"Mpwa wangu, sikiliza. Endesha polepole."

"Mjomba, usiwe na hofu. Nitalibeba kama yai."

"Sizungumzii gari. Nasema, huko milimani, breki…"

"Breki nitatumia, mjomba, nisipotumia nitasimamishwa na nini, ukuta?" Watu waliokuwa karibu wakaangua kicheko, mmoja akasema huyu mzee ana wivu na gari kuliko mke, na hapo hapo Kalolaine akatoka nyumbani amejifunga kiunoni mkeka wake wa heshima, ule tunaouvaa kwenye sherehe, watu wakanyamaza wakampisha. Penisimani naye akapisha. Aliufungua mlango, dada yake akaingia, akaufunga kwa ile sauti nzito ya kitajiri.

Yeye na Fusi walifuata na gari la kanisa, basi dogo la zamani lenye kutu milangoni, limebeba mikeka, sufuria na nguruwe. Basi lile lilikuwa na sura mbaya, lakini mzee wa kanisa alikuwa mtu wa roho ngumu: hakuna aliyeligusa kabla halijafanyiwa servisi. Penisimani aliwahi kulicheka.

Njia nzima macho yake hayakutoka kwenye taa za nyuma za Mjerumani. Zikiwaka, moyo unaruka. Zikizima, anapumua. Kwenye vilima vya Bombay, mara tu walipotoka jijini, alikanyaga breki yake mwenyewe kila Vuna alipokanyaga, mpaka waliokuwa nyuma wakapiga honi.

"Unamwendeshea kwa mbali?" akauliza Fusi.

"Nyamaza, Fusi, tafadhali."

"Nimenyamaza tangu jana."

Kwenye mji mdogo wa Matamata walisimama kununua mikate ya nyama. Vuna na Melenaite wakakimbilia dukani wakisukumana. Penisimani akalisogelea gari. Gurudumu la mbele lilikuwa linatoa joto, ukisogeza mkono unalihisi, na harufu ilikuwepo, ile harufu ya kitu kinachoungua taratibu. Alikuwa na nafasi sasa. Hakuna kwaya, hakuna majirani. Akazunguka upande wa dirisha.

Kalolaine alikuwa peke yake ndani. Mkono wake ulikuwa umenyooka kuelekea usukani. Alipomwona kaka yake akaurudisha haraka mapajani.

"Gari lako tamu, Peni," akasema. "Kama sofa."

"Asante, dada."

Kalolaine akamtazama, akamtazama kuliko desturi yao inavyoruhusu. "Una jambo?"

"Hapana, dada. Nilitaka kujua kama kiti kinakukaa vizuri."

"Kinanikaa vizuri."

"Haya."

Akarudi kwenye basi. Fusi alimwona anavyotembea. Alimpa mkate wake, nao ukapoa mkononi.

Kaimai ilianza. Basi la kanisa likalalama kwenye mwinuko, gia ya pili, moshi nyuma, nguruwe anateleza kwenye boksi lake. Mjerumani alipanda kama hakuna mlima, maana injini yake ilikuwa nzuri bado, ndiyo ilikuwa balaa lenyewe: kupanda anapanda. Akaingia kona, akatoka, akaingia nyingine, akapotea.

Penisimani aliona barabara tupu mbele yake, na hofu ikamshika sawasawa. Si hofu ya aibu tena, hiyo alikuwa ameizoea kama kiatu. Hii ilikuwa hofu ya Melenaite. Alimwona kwenye kiti cha nyuma, miguu juu kama kawaida yake, mkanda wa kiti hajaufunga vizuri, anamsimulia shangazi yake upuuzi. Akamkumbuka Hopoate akisema utakuwa unakanyaga hewa.

"Piga simu," akasema.

"Kwa nani?"

"Kwa Vuna! Piga, mama, piga!"

Simu ya Vuna ilikuwa imezimwa. Fusi akampigia Melenaite. Iliita, ikaita, basi likafika kileleni, ikaita tena, na mtoto akapokea huku anacheka. Fusi akambandika mumewe simu sikioni.

"Baba! Mko wapi, mmelala? Sisi tunateremka, tuko nyuma ya lori la maziwa, linatambaa kama kobe. Vuna mguu hautoki kwenye breki, analilaani mpaka shangazi amemkanya."

Mguu hautoki kwenye breki.

"Mpe shangazi yako simu."

"Anakusikia, nimeweka spika."

"Dada," akasema.

"Naam, Peni," ikajibu ile sauti ya chini.

Na amini usiamini, hata hapo ulimi uligoma. Mtu na akili zake, mtoto wake yuko mlimani, na bado koo linamwambia usimwaibishe dada yako, usijiaibishe. Fusi akamfinya paja kwa kucha zote.

"Dada, breki ni mbovu! Simameni! Gari si zima, simame—"

Simu ikakatika. Fusi akapiga tena, haikushika mtandao. Akapiga tena.

"Wamesikia?" akauliza Penisimani.

"Sijui."

"Fusi, wamesikia?"

"Sijui, Peni! Nitajuaje? Endesha!"

Wakaanza kuteremka. Kila kona aliikata akiwa tayari ameshaona kichwani kilichoko mbele: gari limepinduka, gari liko bondeni, kiatu barabarani. Anaikata, hakuna kitu, ni majani tu na ng'ombe mbali huko chini. Anapumua, kona nyingine. Fusi alikuwa anasali kwa sauti, akachanganya sala ya chakula na ya safari. Halafu harufu ikaingia dirishani, ile ile ya Matamata, lakini sasa nzito, ya kukwaruza koo, na Fusi akakatiza sala yake.

Baada ya kona iliyofuata waliona alama nyeusi za matairi zikiacha barabara kushoto, na mwisho wa alama, Mjerumani. Alikuwa ameparamia tuta la udongo, pua imeingia kwenye waya za uzio wa shamba, ubavu mzima umechunwa tangu taa ya mbele hadi ya nyuma. Magurudumu yalikuwa yanafuka moshi. Milango yote ilikuwa wazi.

Penisimani aliacha basi katikati ya nyasi, hata mlango hakufunga. Alikimbia. Mtu wa kilo zile alikimbia kama mtoto, huku anaita jina moja tu.

Melenaite alikuwa amekaa majanini, mzima, anatetemeka, ana mkwaruzo kidevuni. Vuna alikuwa amesimama pembeni yake ameinama, anatapika. Kalolaine alikuwa amekaa wima kwenye jiwe, mkeka wake umechanika, mkono wa kushoto ameukumbatia kwa wa kulia.

"Ni mzima," akasema Kalolaine kabla hajaulizwa. "Sote tu wazima. Mkono wangu tu."

"Mjomba, ilizama!" Vuna akajifuta mdomo. Hakuwa na kicheko chochote. "Mama alisema simama, kaka yangu hapigi simu bure, simama sasa hivi. Nikakanyaga, ikazama mpaka chini. Nikakanyaga tena, hamna kitu! Lori liko hapo mbele, mjomba, hapo! Nikaona hili tuta, nikasema heri tuta. Ungechelewa kupiga, pale kwenye kona ya chini hakuna tuta. Hakuna kitu pale. Ni hewa."

Penisimani akapiga magoti. Alitaka kumshika binti yake, lakini Melenaite alinyoosha kiganja, akamzuia.

"Baba. Ulisema breki ni mbovu. Ulijuaje?"

Fusi alikuwa amefika, anahema, ameshika chupa ya maji.

"Baba, nimekuuliza. Ulikuwa unajua?"

"Melenaite," akasema Kalolaine kwa sauti yake ya chini. "Baba yako amehisi tu. Wazazi huhisi. Na gari hili si la kuulizia tena, ni langu, nimelitaka tangu jana. Tukifika, watu wataambiwa shangazi amechukua gari la kaka yake, akaliharibu mwenyewe. Kitu cha shangazi hakina maswali. Imekwisha."

Mnaona mwanamke huyo? Mkono umevunjika, na bado anamtandikia kaka yake mkeka wa kuangukia. Na ungekuwa mkeka mzuri. Harusini wangecheka kidogo, wangesema Kalolaine huyo, akikitaka kitu hakisalimiki. Penisimani angekula nguruwe wake kichwa juu. Hakuna ambaye angejua, milele.

Akamtazama binti yake kidevuni, pale penye damu.

"Nilijua," akasema. "Hopoate aliniambia. Taa iliwaka, nikaiziba kwa tepu. Nilijua siku zote, mwanangu. Nilijua wakati mnapanda."

Fusi akageuza uso. Vuna akasema "Lo, mjomba," polepole.

Kalolaine alishusha pumzi. Akautoa mkono wake mzima, akaufungua. Kwenye kiganja kulikuwa na kile kipande cha tepu nyeusi, kimejikunja, kimeshika vumbi.

"Kilianza kubanduka kwa joto la jua, kabla ya Matamata," akasema, hakumtazama mtu. "Nikaona wekundu unachungulia. Vuna alipoingia dukani nikakibandika tena, kwa kidole changu hiki. Nilisema, kama kaka yangu ameficha, mimi ni nani nimfichue? Ulipokuja dirishani nilingoja useme. Hukusema, na mimi nikakaa kimya. Nimekitoa baada ya kugonga, wasije polisi wakakiona."

"Dada," akasema Penisimani. "Nilikuwa nakuheshimu."

"Najua. Na mimi nilikuwa nakuheshimu wewe."

Melenaite aliwatazama, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa hiyo mlijua wote wawili," akasema. "Mlikuwa mnaheshimiana. Na mimi na Vuna tuko humo ndani."

Akasimama, akakataa mkono wa mama yake, akamshika Vuna, wakatembea wawili hao kwenye nyasi mpaka kwenye basi la kanisa. Wakaingia nyuma, wakakaa na nguruwe, wakavuta mlango.